Kikosi cha Pili si benchi: Wamarekani wanavyochagua wachezaji bora wa kila kanda, na sisi Pemba tunavyowasahau wetu



Mwezi uliopita jamaa yangu mmoja, mtu wa Wete kama mie lakini anaishi Columbus, Ohio, zaidi ya miaka kumi na tano sasa, alinitumia picha ya cheti cha mwanawe. Kijana yuko skuli ya sekondari na anacheza mpira wa Kimarekani, ule wa kuvaa helmeti na kujaza mabega kama wanakwenda vitani. Cheti kina saini, kina muhuri, na katikati pameandikwa kwa herufi kubwa All-Conference, Second Team. Chini ya picha baba mtu kaandika hivi: "Sheikh wangu, wewe mtu wa michezo, hebu nambie. Mtoto kaja nyumbani anajisifu kafanya vizuri, kumbe kawekwa timu ya pili. Nimemgombeza sana."

Nilicheka mpaka chai ikanipalia. Halafu nikamwonea huruma kijana. Kagombezwa kwa jambo ambalo wenzake wote pale skuli walikuwa wanampigia makofi!

Nikamjibu kwa sauti ndefu ya WhatsApp, dakika nane nzima, na baada ya hapo nikaona bora niandike, kwa sababu si yeye peke yake. Watu wetu wengi wana watoto, wapwa na ndugu wanaocheza huko Marekani, na hizi heshima zinakuja nyumbani kwa Kiingereza ambacho hata anayejua Kiingereza kinamchanganya. Na kuna sababu nyengine, inayotuhusu wenyewe hapa kisiwani, nitaifikia mbele.

Tuanze na hilo neno. Konferensi kwao si mkutano. Ni kundi la skuli au vyuo vilivyokubaliana kucheza ligi pamoja, kwa kawaida kwa kuwa viko jirani. Marekani ni nchi kubwa mno, huwezi kuwa na ligi moja ya vyuo vyote. Daraja la juu la mpira wa Kimarekani wa vyuo vikuu peke yake lina timu zaidi ya 130. Msimu wa kawaida kila timu inacheza mechi 12 hivi tu, kuanzia mwisho wa Agosti mpaka mwisho wa Novemba. Sasa timu 130 kwa mechi 12, nani atakutana na nani? Ndo maana wakajigawa makundi. Kwa lugha yetu ya mpira tungesema kanda. Mtu wa Pemba hahitaji kufundishwa kanda ni nini, tumecheza sana ligi ya kanda mbili, Unguja kivyake na Pemba kivyake, kisha zinazofuzu zinakutana kwenye Nane Bora. Basi konferensi ni kanda, kwisha habari.

Ile maarufu kuliko zote kwa ukongwe ni Big Ten, iliyoanza 1896 na vyuo 7 vya upande wa kaskazini ya kati. Jina lina maana ya Kumi Kubwa. Leo ina vyuo 18. Tangu 2024 wamo mpaka wa Los Angeles, ufukwe wa pili wa nchi, wakati mwenzao Rutgers yuko New Jersey karibu na New York. Na iko konferensi inaitwa ya Pwani ya Atlantiki, ambayo tangu 2024 hiyo hiyo ina chuo cha Stanford, kilichoko upande wa Bahari ya Pasifiki. Hesabu yake ni kama kuichukua timu ya Micheweni ukaipanga kanda ya Kigoma, ukaiambia nenda kacheze urudi Jumatatu darasani. Pesa za televisheni ndizo zilizofanya hivyo, na wenyewe wanazozana kila siku. Tuwaache.

Msimu ukimalizika, kila konferensi inakaa na kutoa orodha ya wachezaji bora wake. Hiyo ndiyo All-Conference. Kwa Kiswahili niliite Kikosi Bora cha Kanda. Si timu itakayocheza mechi. Ni timu ya karatasini. Unachukua wachezaji wa timu zote za kanda, unawachambua nafasi kwa nafasi, unapanga kikosi kimoja kana kwamba wewe ndiye kochi wa kanda nzima na ruhusa unayo ya kumchukua yeyote.

Wakimaliza kupanga cha kwanza, wanapanga cha pili kwa waliobaki, na konferensi nyengine zinapanga mpaka cha tatu. Chini yao kuna wanaotajwa kwa heshima tu, yaani walipata kura lakini hazikutosha.

Hapa ndipo jamaa yangu alipoteleza. Yeye alisoma "timu ya pili" akafikiria reserve, wale wa kubeba maji. Nikamwambia hivi: wewe umekulia kwenye karafuu. Ukipeleka gunia kituoni ZSTC, zinatazamwa, zinapangwa daraja la kwanza, la pili, la tatu. Karafuu ya daraja la pili ni karafuu? Ni karafuu, tena inalipwa. Iliyokosa daraja ndiyo unayorudi nayo nyumbani. Mwanao ndani ya kanda nzima, yenye skuli kadhaa na mamia ya vijana, amehesabiwa mmoja wa wawili watatu bora wa nafasi yake. Umemgombeza kwa hilo?

Akanyamaza kidogo, kisha akaandika "Astaghfirullah". Nadhani siku ile kijana alinunuliwa pizza.

Sasa vikosi hivyo ni vikubwa kuliko tunavyodhania. Mpira wao unachezwa na watu 11 kila upande kama wetu, lakini wanaoshambulia na wanaozuia ni watu tofauti kabisa. Timu yenye mpira inapewa majaribio manne kusogea yadi 10, kama mita 9 hivi. Ikifanikiwa inapewa manne mengine, ikishindwa inautoa mpira. Mpira ukihama mkono, wale 11 wanatoka uwanjani, wanaingia 11 wengine ambao kazi yao ni kuzuia tu. Halafu kuna wa kupiga mateke, na wa kuupokea mpira uliopigwa na kurudi nao mbio. Kwa hiyo Kikosi Bora cha kwanza peke yake kina watu 25 na zaidi. Kura zikilingana hawamtoi mtu, wanawaandika wote wawili, ndo maana mara nyengine utahesabu mabeki wa mbele watano badala ya wanne, usidhani wamekosea.

Nani anapiga kura? Hili ndilo la kutazama kwa makini, maana hata kwenye karafuu ugomvi hauwi kwenye gunia, unakuwa kwenye mizani.

Kuna vikosi viwili vinavyokwenda sambamba. Kimoja kinachaguliwa na makochi wa timu za konferensi yenyewe. Chengine kinachaguliwa na waandishi wa habari wanaozifuata timu hizo, na shirika la habari la AP lina orodha zake pia. Mchezaji anaweza kuwa wa kwanza kwa makochi na wa pili kwa waandishi, na vyote vinaandikwa kwenye wasifu wake. Kwenye orodha za makochi kuna sharti moja ambalo mie nimelipenda kuliko yote. SEC, konferensi ya kusini yenye vyuo kama Alabama na Georgia, inasema wazi kwamba kochi haruhusiwi kumpigia kura mchezaji wa timu yake mwenyewe.

Litafakari hilo. Kochi amekaa na kalamu, lazima aseme nani alimsumbua msimu huu. Hawezi kumsifia mtoto wake wa nyumbani. Anataja adui. Hakuna sifa iliyo safi kuliko ile inayotoka kwa mtu uliyemfunga.

Lakini kwanini walihangaika na orodha za kanda wakati wana orodha ya taifa? Maana ya taifa ipo, inaitwa All-America, na ndiyo iliyotangulia. Ya kwanza inayohesabiwa ilitoka mwaka 1889, ikihusishwa na Caspar Whitney, mwandishi, na Walter Camp, yule mzee wa Yale anayeitwa baba wa mpira wao. Wakataja watu 11 bora wa Marekani nzima. Wote 11 walitoka vyuo vitatu: Harvard, Yale na Princeton.

Vyuo vitatu! Ni kweli wakati ule hivyo ndivyo vilivyokuwa na nguvu, sitaki kuwadhulumu. Lakini pia hivyo ndivyo vilivyokuwa jirani na wachaguzi. Hakukuwa na televisheni, mtu alimjua mchezaji aliyemwona kwa macho au aliyemsoma kwenye gazeti la mjini kwake. Kijana aliyekuwa anacheza Michigan au kule California angeweza kuvunja watu mbavu kila Jumamosi na asiandikwe popote, kwa kuwa aliyeshika kalamu hakupanda treni kwenda kumtazama.

Orodha za kanda zinaitibu kasoro hiyo. Kila kanda inaandika watu wake, kwa macho ya watu waliokuwepo uwanjani. Hata kanda dhaifu ina kipa wake bora (kwao kipa hakuna, nasema kwa mfano wetu), na jina lake linaandikwa kwenye kitabu mwaka ule, halifutiki. Mimi nikilisoma jambo hili nikiwa Wete, nalisoma kama mtu aliyeko upande wa pili wa bahari na kalamu.

Faida nyengine ni kwa wale wasiofunga. Mpira wa Kimarekani una watu watano mbele, majabali wa kilo 130 na kwenda juu, ambao kazi yao ni kumlinda mpiga pasi asiangushwe na kuwafungulia njia wanaokimbia na mpira. Hao hawafungi. Hawashiki mpira. Hawana takwimu. Akiharibu mara moja refa anamtaja kwa namba yake uwanja mzima usikie, akipatia mara sitini hatajwi na mtu. Mtoto kama huyo, mwisho wa msimu, atamwonesha nini mamake? Mwenzake ana mabao, huyu hana hata moja. Kikosi Bora kinamtaka kwa lazima: huwezi kupanga kikosi bila watu watano wa mbele, kama usivyoweza kupanga kikosi chetu bila beki wa kati. Nafasi inamlazimisha mchaguzi amtafute. Tuzo ya mfungaji bora haimlazimishi mtu kumtafuta beki hata siku moja.

Tuje kwa watu wa Afrika Mashariki, maana najua mtauliza.

Anayefaa kabisa kwa somo hili ni Mathias Kiwanuka. Jina linasema lenyewe, Mganda, ingawa yeye kazaliwa Indianapolis mwaka 1983. Babu yake ni Benedicto Kiwanuka, kiongozi wa chama cha DP aliyekuwa waziri mkuu wa mwanzo wa Uganda, baadaye Jaji Mkuu. Wasomaji wa umri wangu wanajua ilivyokwisha. Septemba 1972 watu wa Idi Amin walimchukua kutoka Mahakama Kuu mjini Kampala mchana kweupe, na hakurudi.

Mjukuu alikwenda Boston College, akacheza nafasi ya mzuiaji wa pembeni. Kazi yake ni kuzunguka lile jabali la pembeni na kumwangusha mpiga pasi kabla mpira haujamtoka mkononi. Mwaka 2004 aliingia kikosi cha kwanza cha konferensi ya Big East, na juu yake akapewa heshima ya mzuiaji bora wa konferensi nzima. Mwaka uliofuata Boston College ikahama, ikaingia ile ya Pwani ya Atlantiki. Kanda mpya, makochi wapya, wapinzani ambao hawakumjua. Msimu wa 2005 akaingia kikosi cha kwanza huko pia. Aprili 2006 New York Giants wakamchukua raundi ya kwanza, mtu wa 32, na amekuwa katika timu hiyo ilipobeba Super Bowl mara mbili, ya msimu wa 2007, ambao aliumalizia nje kwa kuvunjika mguu, na ya msimu wa 2011.

Sasa tazama ajabu hii. Ile Big East aliyoichezea 2004 haipo tena kwenye mpira huo, ilivunjika 2013, vyuo vikatawanyika huku na huku. Ligi imekufa. Orodha yake ya 2004 iko hai, jina la Kiwanuka limo, na mtu yeyote mwenye simu Mtambwe anaweza kulifungua leo.

Kwa Mtanzania, mfano uko kwenye basketi, lakini heshima ni ile ile na konferensi ni ile ile Big East. Hasheem Thabeet, mtoto wa Dar es Salaam, urefu mita 2.21, aliyesoma Makongo kabla ya kuvuka kwenda Houston na baadaye chuo cha Connecticut. Akawa mzuiaji bora wa Big East miaka miwili mfululizo, 2008 na 2009, na 2009 akagawana heshima ya mchezaji bora wa konferensi na DeJuan Blair wa Pittsburgh. Kikosi cha kwanza alikuwemo. Mwaka huo huo Memphis Grizzlies wakamchukua wa pili kati ya wote, Mtanzania wa mwanzo kucheza NBA. Kule NBA mambo hayakumwendea kama ilivyotarajiwa na watu wamemsema sana, wengine kwa kejeli. Mie nasema aliyeandikwa na makochi aliowazibia kikapu miaka miwili, ameandikwa. Hawakumwonea huruma.

Wakimbiaji wetu ndio hawakuhitaji kura. Suleiman Nyambui alipokuwa chuo cha Texas kule El Paso alishinda mbio za nyika za vyuo vyote vya Marekani mwaka 1980, mwaka ule ule aliotuletea medali ya fedha ya mita 5,000 kutoka Moscow. Kabla yake Mkenya Henry Rono wa Washington State alizishinda mbio hizo mara tatu, 1976, 1977 na 1979. Kwenye riadha heshima inatolewa kwa nafasi uliyomalizia. Saa haina mjomba. Mpira ndio wenye tabu hii, wa kwao na wetu, kwamba mtu lazima akutazame na akukubali.

Na msidhani kwao ni malaika. Malalamiko yako tele. Timu iliyobeba ubingwa huvuna majina mengi, hata wale waliobebwa na wenzao. Aliyekuwemo mwaka jana ana nafasi ya kurudi mwaka huu kwa jina tu, kwa kuwa mchaguzi kachoka na kalamu inakwenda inapopajua. Kwa wale majabali wa mbele hasa, nani aliyewatazama kwa makini mechi zote? Na tangu Julai 2021 wanafunzi wameruhusiwa kulipwa kwa majina na sura zao, basi na hii heshima imepata bei. Kijana akiwa kikosi cha kwanza chuo kidogo, chuo kikubwa kinampigia simu msimu ukiisha. Zamani cheti kilitundikwa ukutani, sasa hivi kinapelekwa sokoni. Sisemi vibaya, na karafuu nayo inapangwa daraja ili iuzwe.

Haya, sasa turudi nyumbani.

Tuzo kwetu zipo. Bara TFF wana usiku wao wa tuzo. Kombe la Mapinduzi lina mchezaji bora, mfungaji bora, kipa bora. Januari 2025 kombe lile lilichezwa Gombani, hapa hapa Chake Chake, kwa timu za taifa, na tarehe 13 Zanzibar Heroes wakaifunga Burkina Faso 2-1 kwenye fainali. Mwenye kuwepo hatosahau, watu walikaa mpaka juu ya miti. Siku zile macho yote yalivuka bahari yakaja Pemba. Siku za kawaida hayavuki. Mechi ya Jumatano saa kumi Gombani au Finya, Jamhuri na Chipukizi, au Mwenge na yeyote, anayeiandika ni nani? Ukibahatika ni mistari mitatu, matokeo na mfungaji.

Na hapo ndipo ninapoumia. Ile miaka tuliyocheza kanda ya Pemba peke yake, chini ya ZFA kabla haijawa ZFF, tulikuwa na kila kitu kinachotakiwa. Kanda ndogo, timu zinajuana, makochi wamekutana nyumbani na ugenini, wote wanaweza kukaa barazani moja kwa kikombe kimoja cha kahawa. Kuandika Kikosi Bora cha Pemba kila mwisho wa msimu kungegharimu karatasi moja. Nani alikuwa beki wa kushoto bora wa Pemba mwaka huo? Bingwa tunamjua. Mfungaji bora tunabishana lakini tunamjua. Beki wa kushoto kapotea.

Nina mfano wa karibu. Kijana mmoja wa mtaa wetu, sitamtaja, alikuwa beki wa kati ambaye nikisema mshambuliaji alikuwa anaomba abadilishiwe upande sitii chumvi. Akaenda Bara kujaribiwa kwenye klabu moja, nayo siitaji. Wakamuuliza swali la haki kabisa: una nini cha kuonesha? Akatoa simu, ana picha mbili, moja kavaa jezi, moja ya timu nzima na yeye kasimama nyuma, uso nusu. Mabao hana, ni beki. Video hakuna. Barua ya klabu anayo, lakini barua ya klabu yako mwenyewe inakusifu hata kama hujui kupiga danadana. Walimtazama siku mbili, siku ya pili aliamka na homa, wakamshukuru. Leo anaendesha bodaboda Chake. Simlaumu mtu. Ila najua kama angekuwa na karatasi moja tu, iliyosema makochi wa Pemba, kila mmoja akiwa hana ruhusa ya kutaja mtu wake, walimtaja huyu misimu miwili, angalau wangemtazama siku ya tatu.

Mtu ataniambia, tumeshachanganywa sasa, ligi ni moja, Unguja na Pemba pamoja, kwa hiyo kikosi bora kiwe kimoja. Sawa, kiwe. Lakini kumbukeni wale 11 wa 1889. Kikosi kimoja kikichaguliwa na watu wanaokaa mahali pamoja, kinatoka na watu wa mahali pamoja, na wala hapahitajiki mtu mbaya ili iwe hivyo. Wamarekani hawakuiondoa orodha ya taifa, waliiacha na wakaongeza za kanda chini yake. Na Pemba nayo inaweza kuandika yake chini ya ile kubwa, iwe ya ligi kuu, ya daraja la kwanza, hata ya ndondo. Haihitaji ruhusa ya mtu kuandika kwamba fulani alicheza vizuri.

Jamaa yangu wa Columbus jana kanitumia picha nyengine. Cheti kimewekwa kwenye fremu, kiko ukutani sebuleni, pembeni ya kalenda ya Msikiti. Kijana mwenyewe simo kwenye picha yake, nasikia yuko uwanjani, anataka kikosi cha kwanza mwakani.

Basi tufanye kazi hapa hapa. Kwenye maoni hapo chini kila mmoja aandike Kikosi Bora cha Pemba cha msimu anaoukumbuka, watu 11, kipa mpaka winga, na ataje mwaka na timu ya kila mchezaji. Mnaokumbuka miaka ya themanini na tisini tunawasubiri zaidi nyinyi. Wenye picha za zamani nitumieni, nitazipandisha pamoja na majina. Sharti ni moja, lile la SEC: timu uliyoichezea au unayoishabikia, huruhusiwi kutaja mtu wake hata mmoja. Mie wa Wete, nitaanza kwa kutaja beki wa Chake.